Kikomando, mukene na mkaa: dhana potofu kuhusu kula vizuri kwa pesa kidogo

Pesa ikianza kukata, tarehe ishirini na kitu, kila mtu Kampala hugeuka mtaalamu wa lishe. Mmoja anakwambia uachane na vibanda upike nyumbani, mwingine anasema kupika ni kwa wenye nafasi. Nyingi ya kauli hizo zina nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayomaliza pesa.

"Kupika nyumbani ni nafuu siku zote."

Anayesema hivyo hajahesabu mkaa. Maharage makavu ambayo hayakulowekwa huweza kukaa jikoni saa mbili na zaidi. Kijana anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga, akibandika kikombe kimoja cha maharage, anachoma karibu mkaa uleule ambao ungeivisha sufuria ya watu sita. Kwa huyo, sahani ya kibandani inaweza kweli kuwa nafuu. Familia ya watu sita ina hesabu nyingine kabisa: hapo sufuria ya nyumbani inashinda bila ubishi.

Katikati kuna njia ambayo wabishi huisahau. Mitaani kuna akina mama wanaochemsha maharage kwenye sufuria kubwa na kuyauza kwa kikombe, yakiwa bado moto. Mama huyo ananunua mkaa kwa gunia, wewe unanunua kwa kopo, humwezi. Chukua kwake, kaanga nyanya na vitunguu vyako, tia dodo, yaani mchicha, uliyoikatakata, na dakika chache tu mchuzi uko tayari. Je, hicho ni chakula cha kununua au cha nyumbani? Mimi sijali.

Ukiamua kuchemsha mwenyewe, yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha bandika kwa maji mapya. Yataiva mapema na hayatakujaza gesi sana tumboni. Ila yachemke kwelikweli. Maharage, hasa mekundu, yakiachwa nusu mabichi juu ya makaa yanayozimika hubaki na sumu yake ya asili, na hiyo hutapisha.

"Kikomando ni cha kujaza tumbo tu, hakina faida mwilini."

Chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage ni mlo wenye akili kuliko sifa yake. Protini ya ngano ina upungufu wa lisini, moja ya vijenzi vya protini, na maharage yanayo kwa wingi. Maharage nayo yana upungufu wa kijenzi kingine, methionini, na ngano inasaidia. Kinachokosekana ni majani na matunda. Mwambie muuzaji apunguze chapati, aongeze maharage, halafu ongeza kipande cha parachichi au nyanya mbichi. Vitamini C ya nyanya huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage. Chai ya majani hufanya kinyume chake, kwa hiyo isubiri kidogo baada ya kula.

"Matoke ndiyo chakula, posho ni ya shule na jela."

Hii ya kudharau posho, yaani ugali, ni heshima, si lishe. Matoke, yaani ndizi za kupika, ni matamu na yana potasiamu, lakini mengi yake ni wanga na maji. Protini ni kidogo sana. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 29 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Uganda walikuwa wamedumaa. Huko Tooro, magharibi mwa nchi, ambako migomba imejaa, idadi ilikuwa karibu 41. Umaskini, maji na magonjwa vina sehemu yao, lakini wingi wa ndizi peke yake haukuwaokoa watoto hao. Tatizo liko kwenye mchuzi, au kwenye kukosekana kwake.

Na kwenye posho nako kuna majivuno. Unga mweupe wa namba wani hupendwa kwa sababu umeondolewa pumba na kiini, yaani umeondolewa sehemu kubwa ya vitamini na mafuta yake. Ule wa bei ya chini, wenye rangi kidogo, una nafuu mbili: ya mfuko na ya mwili.

"Mukene ni chakula cha kuku."

Kuku wanakula vizuri basi. Samaki huyu mdogo, yaani dagaa wa ziwani, huliwa mzima, mifupa na kichwa, kwa hiyo unapata kalsiamu ambayo minofu ya sangara haikupi kwa kiasi hicho. Wanaomchukia wengi wameumizwa na mchanga, maana mara nyingi huanikwa chini. Dawa yake ni hii: mloweke kwenye beseni la maji ya moto, mkoroge kwa mkono, subiri mchanga utue chini, kisha mwopoe kwa viganja. Usimimine maji na samaki pamoja, mchanga utamfuata. Rudia mpaka chini ya beseni pawe safi. Mkaushe kwenye kikaango bila mafuta, kisha mtie kwenye mchuzi wa karanga.

"Tambi za pakiti ni mlo wa haraka na wa bei rahisi."

Haraka, ndiyo. Mlo, hapana, mpaka uongeze yai na majani. Tumia nusu tu ya kile kipakiti cha viungo, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kipakiti hicho kinazila haraka.

"Cha nyumbani ni salama, hata kikilala."

Wali uliolala kwenye sufuria bila friji unaweza kuwa na bakteria waliokwisha kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha mpaka ufuke moshi. Pika wali wa kumalizika siku hiyohiyo.