Dar haina cha kuona? Mambo wageni wanayoyakosea

Kila mgeni anayefikia kwangu huja na ratiba ileile: asubuhi Kariakoo, jioni boti ya Zanzibar. Ukimuuliza kwa nini asilale hata siku mbili, jibu ni moja.

"Vivutio viko Arusha na Zanzibar, Dar ni pa kupitia."

Basi lile fuvu la Zinjanthropus tulilosoma shuleni liko wapi? Wengi hujibu Olduvai. Huko ndiko Mary Leakey alikoligundua mwaka 1959, lakini lenyewe, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75, linatunzwa hapahapa, Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Ila ukipanda bodaboda taja na mtaa. Ukisema "Makumbusho" tu utashushwa stendi ya daladala, na hapo jirani utakutana na Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali. Nacho kinafaa kutembelewa, lakini fuvu haliko huko.

"Sanamu ya Askari ni ya wapigania uhuru."

Hapana. Iliwekwa katikati ya jiji na Waingereza mwaka 1927, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, pale palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani wa enzi za ukoloni. Kikosi cha wapagazi hao kiliitwa Carrier Corps. Litamke jina hilo harakaharaka kwa ulimi wa Kiswahili, na utajua Kariakoo ilipata wapi jina.

"Tingatinga ni sanaa ya mababu."

Hii huwa inanichekesha, kwa sababu wauzaji wenyewe wakati mwingine ndio wanaoisambaza. Tingatinga ina mwanzilishi mwenye jina: Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kutoka Tunduru, aliyeanza kuchora Dar mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya ubao mwembamba wa dari akapaka rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, ndiyo maana picha zake zinang'aa vile. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake ndio walioiendeleza kazi. Nenda Oysterbay ukawaangalie mafundi wakichora, hata kama hununui.

Kwa vinyago vya mpingo, tahadhari ni moja: kuna miti myeupe inayopakwa kiwi ya viatu ikawa nyeusi. Kinyanyue. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama.

"Chakula cha mama lishe kitakuharibu tumbo, kula hotelini."

Bakteria hawajui bei ya sahani. Wanapenda chakula kilichopoa kikakaa, na hicho unaweza kukikuta hata kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Kwa mama lishe mwenye wateja wengi, wali unapakuliwa sufuria ikiwa bado jikoni, maharage yanatokota, na saa nane mchana kila kitu kimekwisha. Mimi huangalia foleni kwanza. Wakijaa madereva na mafundi wanaokula hapo kila siku, nakaa. Cha kuogopa ni vile visivyopita motoni: kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi, maji ya jagi, barafu ya kwenye juisi ya miwa. Samaki ukimfuata soko la Feri, nenda asubuhi, tazama jicho lake: liwe angavu na limetuna, si limezama na kufifia.

"Vyakula vya pwani ni vikali."

Watu huchanganya viungo na pilipili. Pilau ina bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, inanukia, haichomi. Pilipili huletwa pembeni, unajitilia mwenyewe. Samaki wa kupaka ndiyo kabisa, tui la nazi limempoza.

"Supu ya pweza inaongeza nguvu za kiume."

Muuzaji atakuapia. Ni protini nzuri, na tamu ikiwa na ndimu. Mengine ni biashara.

"Visiwani huendi bila kampuni ya utalii."

Bongoyo unapanda boti pale Slipway, Msasani. Mbudya boti zinatokea Kunduchi. Unalipa nauli, na kando yake kiingilio cha hifadhi ya bahari, kwa hiyo uliza kama bei unayotajiwa imejumuisha vyote viwili. Na ukishuka tu Mbudya, agiza samaki na chipsi kabla hujagusa maji. Jiko ni la mkaa na wageni ni wengi. Wanaoogelea kwanza ndio utakaowaona saa tisa wakizunguka jikoni na taulo mabegani, wakiuliza bado dakika ngapi.