Eti krediti (zile alama za kozi ulizofaulu chuoni) za Palau, nchi ya visiwa kule Pasifiki, "hazipokelewi" ukihamia chuo cha Marekani? Nani kakwambia?

Jamani hii nimeisikia tena juzi na nimechoka kabisa. Mzazi kakaa mbele yangu ananiambia Palau Community College (PCC) ni chuo cha kisiwa, nchi nzima watu hawafiki hata 20,000, sasa hizo krediti nani atazitaka kule Marekani. Hivi watu mnajua PCC ina ithibati, yaani imekaguliwa na kukubaliwa, ya ACCJC, tume ya Marekani ya kukagua vyuo? Ni tume hiyohiyo inayokagua community college, vile vyuo vya miaka miwili, za California, na haiangalii kisiwa kina watu wangapi.

Ila na nyie wanafunzi mnachangia, maana ithibati inakufungulia mlango tu, haibebi kila krediti yako. Chuo unachohamia ndo kinakaa na transkripti yako (karatasi ya matokeo) kozi moja moja, mara nyingi wanataka gredi C kwenda juu, halafu wanaangalia kama hiyo kozi inaingia kwenye digrii unayoitaka. Sasa mtu kasoma AAS, ile digrii ya ufundi ya miaka miwili, ya ufundi magari, miaka miwili yuko chini ya gari, anamaliza anataka uhandisi chuo kikuu, kozi nyingi zinagoma, anarudi nyumbani anatangaza Palau wamekataliwa! Bana, hata ungetoka Los Angeles na AAS hiyo yangekukuta hayohayo, ile imetengenezwa ikupeleke kazini. Zile kozi za kukunyoosha hesabu na Kiingereza kabla hujaanza za chuo nazo usitegemee zihesabiwe.

Na hili nalisema kila siku mpaka wananikimbia, TUNZA SILABASI. Ya kila kozi, yenye mada zote na kitabu mlichotumia, jitumie kwenye imeili yako mwenyewe. Transkripti inasema jina la kozi na gredi basi, anayekupokea akiwa na wasiwasi utamuonyesha nini?

Mengine ya haraka. Pell Grant, ile hela ya msaada wa masomo ya serikali ya Marekani, sio mkopo, acheni kuiogopa, ila ukiacha masomo yote kabla ya 60% ya muhula kupita kuna sehemu ya hela inarudishwa na deni linaweza kukuangukia wewe, kwa hiyo usipotee kimyakimya, njoo useme. Na kuipata sio lazima uwe raia wa Marekani, Palau ni nchi huru tangu tarehe 1 Oktoba 1994 na mkataba wake na Marekani, ule Compact of Free Association, ndo unaowapa raia wa Palau nafasi ya kuomba, jaza FAFSA, fomu ya kuombea msaada huo, mapema.

Eti pia PCC ni chuo cha waliofeli. Kuingia ni rahisi kweli, kutoka ndo kazi, waulizeni wanaosoma uuguzi pale. Na huyo fundi wa friji na viyoyozi aliyesoma pale mnayemcheka, joto la mji wa Koror likizidi na friji yako ya samaki ikazima, utamtafuta wewe mwenyewe na simu hapokei, kazi zimemjaa.