Kwa nini kliniki ya Dkt. Ferebee ilipanda magari?

Kiangazi cha mwaka 1935, huko kaunti ya Holmes, jimbo la Mississippi, Marekani, madaktari na wauguzi wanawake Weusi waliegesha magari yao kwenye mashamba ya pamba, wakachanja watoto hapo hapo. Siku hizi tungeiita huduma ya mkoba. Lakini je, wajua kwamba hawakupanga iwe hivyo?

Kiongozi wao alikuwa Dkt. Dorothy Boulding Ferebee, mzaliwa wa Norfolk, Virginia, aliyehitimu udaktari Chuo Kikuu cha Tufts mwaka 1924. Hospitali za Wazungu hazikumtaka, akafanyia mafunzo ya vitendo Freedmen's, hospitali ya Weusi mjini Washington. Wazo la Mississippi lilitoka kwa mwalimu Ida Louise Jackson, kiongozi wa chama cha wanawake wasomi Weusi, Alpha Kappa Alpha. Alikuwa ameendesha mafunzo ya walimu huko mwaka 1934, akaona mtoto mwenye njaa na homa hafundishiki.

Mikosi ilianza mapema. Wakata tiketi za treni walikataa kuwauzia, basi wakaendesha magari yao wenyewe kutoka Washington, zaidi ya kilomita 1,400. Nia ilikuwa kufungua vituo, watu wawafuate. Watu hawakuja: wenye mashamba waliwakataza. Watu hao walikuwa wakulima wanaogawana mavuno na mwenye ardhi, wengi wakiwa na deni lisilokwisha dukani kwake. Mwaka mmoja tu nyuma, wenzao wa jimbo jirani la Arkansas walikuwa wameunda chama cha kujitetea, kwa hiyo wageni wasomi kutoka mjini walionekana wachochezi.

Ferebee akaona kama mkulima haruhusiwi kutoka, daktari aingie. Magari yale yale yakapakiwa chanjo za ndui na dondakoo, yakawafuata watu shambani. Wenye mashamba waliridhia, ila wanyapara wenye bunduki walisimama karibu wakisikiliza. Hapo namvulia kofia. Kumuuliza mama wanawe wanakula nini, huku anayewalisha unga wa mahindi na mafuta ya nguruwe ametega sikio, si mchezo.

Walirudi kila kiangazi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940. Vita Kuu ya Pili ilipofanya petroli na matairi kuwa vya mgawo, safari zikakoma.