Almasi na kinywe: fuata elektroni ya nne

Almasi ya Mwadui na kinywe (grafiti, madini meusi ya ncha ya penseli) cha Mahenge vyote ni kaboni. Vichome kwenye oksijeni, utapata gesi ileile ya kabonidayoksaidi. Lakini almasi hukata kioo, na kinywe hukuachia weusi vidoleni. Nikiuliza sababu darasani, jibu huja haraka: bondi za almasi, yaani vifungo kati ya atomu zake, ni imara, za kinywe ni dhaifu. Jibu hilo hunikera, kwa sababu nusu yake si kweli.

Atomu ya kaboni ina elektroni nne za kuungana na jirani zake. Kwenye almasi zote nne zimeshika kazi: kila atomu imefungwa na nyingine nne, juu, chini na pembeni, hadi jiwe zima ni molekuli moja. Hakuna pa kuteleza, wala elektroni ya kubeba umeme. Kwenye kinywe zinafunga tatu tu, na atomu hujipanga kwa pembesita katika tabaka bapa. Ile ya nne haifungwi mahali pamoja. Hutembea tabaka zima, ikipitisha umeme na kunyonya mwanga. Weusi wa kinywe umetoka hapo.

Sasa tazama vipimo. Ndani ya tabaka la kinywe, atomu mbili jirani zimeachana nanomita 0.142 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Kwenye almasi ni 0.154. Yaani bondi ya kinywe ni fupi na imara kuliko ya almasi! Udhaifu uko baina ya tabaka na tabaka, penye nafasi ya nanomita 0.335 na mvuto hafifu tu.

Ukiwa na multimita, kile kipimo cha umeme, jaribu mwenyewe. Chora mstari mnene kwa penseli ya 6B, kandamiza hasa, kisha gusisha ncha mbili za kipimo juu yake. Umeme unapita. Zitenganishe ncha, ukinzani unapanda. Ulichokipaka kwenye karatasi ni tabaka za kinywe zilizochubuka.

Joto lina njia yake. Almasi haipitishi umeme, lakini hupitisha joto takribani mara tano kuliko shaba, kwa kuwa atomu zake nyepesi, zilizokazwa kila upande, hupokezana mtikisiko kwa kasi.

Watengenezaji wa betri wanakitaka kinywe kwa sababu ya zile nafasi. Betri ikichajiwa, ioni (atomu zenye chaji) za lithiamu hujipenyeza baina ya tabaka, moja kwa kila atomu sita za kaboni, na tabaka husogeana mbali kwa takribani asilimia 10. Betri ikitumika, zinatoka. Almasi haina mlango wa kuzipokea.