Spishi endemiki: swali ni "wa wapi?"

Watu wengi wakisikia kwamba kipunji wa Mlima Rungwe ni spishi endemiki, wanaelewa kuwa ni mnyama adimu. Adimu ni kweli, ila neno lenyewe halisemi hivyo. Kiumbe endemiki ni yule anayeishi mahali fulani kwa asili na hapatikani penginepo duniani. Idadi yake haihusiki. Faru ni adimu, lakini si endemiki wa Tanzania, kwa sababu wapo pia Kenya, Namibia na Afrika Kusini. Kwa upande mwingine, ua linaweza kujaa bonde zima kama magugu na bado likawa endemiki, ilimradi ukivuka bonde hilo hulioni tena. Wala neno hili si sawa na "wa asili". Tembo wa Ruaha ni wa asili hapa kwetu, lakini ni wa asili pia katika sehemu kubwa ya Afrika.

Kwa hiyo ukiambiwa kiumbe ni endemiki halafu msemaji akanyamaza, amekuachia nusu ya sentensi. Muulize: wa wapi? Jibu linaweza kuwa nchi nzima, mlima mmoja, au hata korongo moja.

Tumchukue huyo kipunji. Ni kima mwenye manyoya marefu ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, kishungi kimesimama utosini, na akiita utadhani anabweka na kupiga honi kwa pamoja. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua tangu zamani, na hilo jina ni lao. Watafiti walimwona mwaka 2003, wakamtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe (yaani kundi la spishi zenye undugu), Rungwecebus, baada ya vipimo kuonyesha kwamba ana undugu wa karibu na nyani. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria wako 1,117 tu. (Husemwa "aligunduliwa" mwaka 2003. Wazee wa Rungwe wana haki ya kucheka.)

Endemiki wa wapi sasa? Wa Tanzania, bila shaka. Lakini anaishi sehemu mbili tu: misitu ya Rungwe hadi Livingstone, na msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, umbali wa kilometa 350 hivi. Katikati hayupo. Aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Mbeya anaijua hiyo katikati. Unapita mashamba ya miti ya Sao Hill, unafika Makambako, upepo unakupiga usoni ukishuka kununua mahindi, na nchi iko wazi na kavu kila upande. Wanasayansi hupaita Pengo la Makambako: ndipo milima ya Tao la Mashariki inapokomea, kabla ya kuanza milima ya Rungwe na Livingstone. Mnyama anayeishi juu ya miti ya msitu wenye unyevu hawezi kuvuka hapo kwa miguu.

Na hapo ndipo siri ya viumbe hawa ilipo. Msitu wa mlimani ni kama kisiwa, tofauti ni kwamba badala ya bahari umezungukwa na nyika. Milima kama Udzungwa hupokea mvua na ukungu kutoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo hata zile enzi Afrika ilipokuwa kavu, misitu yake haikutoweka. Waliokuwa ndani walibaki ndani. Wakazaliana wenyewe kwa wenyewe, vizazi kwa vizazi, kwa mamilioni ya miaka, hadi wakawa tofauti na ndugu zao wa kwingine, au ndugu hao wakafa na wao wakabaki peke yao. Kwale wa Udzungwa ni wa aina hiyo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuta kwenye sufuria ya mboga miguu ya ndege wasiyemfahamu. Kumbe jamaa zake wa karibu ni kwale wa misitu ya Asia, si hawa wetu wa mashambani.

Mfano uliobana kuliko yote ni chura wa Kihansi, kwenye korongo lililo mpakani mwa Iringa na Morogoro. Hafiki sentimeta 3, rangi yake ni ya njano, hatagi mayai bali huzaa vitoto vilivyokamilika. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache zilizoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Maji yalipochepushwa kwenda kuzalisha umeme, rasharasha zikakatika. Ikawekwa mitambo ya kunyunyizia maji, na vyura wakaanza kuongezeka, kisha mwaka 2003 wakaporomoka ghafla. Kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi ya vyura, ilikutwa kwenye mizoga. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Aliokolewa na vyura wapatao 500 waliopelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000. Walizalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Kwa hiyo kuna miaka ambayo hakuna aliyeweza kumwona chura huyu akiwa huru korongoni, ilhali Marekani alikuwa akiruka ndani ya masanduku ya vioo. Miaka hiyo alikuwa endemiki wa wapi? Bado wa Kihansi. Kufugwa hakuhesabiwi.