Kutwaliwa ardhi: maana yake, na fidia inavyohesabiwa

Mtu wa Mwanza akikuta alama ya X ukutani kwake, swali la kwanza si nani kaichora. Anauliza ni rangi gani. Nyekundu maana yake bomoa, na hulipwi. Kijani maana yake umo kwenye orodha ya fidia. Tangu reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka (kilomita 341) na daraja la Kigongo–Busisi vianze kujengwa, maneno haya yamezoeleka vijiweni, ila mara nyingi yanachanganywa.

Utwaaji wa ardhi ni mamlaka ya serikali kuchukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, apende asipende, na kumlipa fidia. Hapo kwenye "apende asipende" ndipo panapoutofautisha na kuuza, na fidia ndiyo inayoutofautisha na kunyang'anywa. Ni kweli kwamba Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, lakini haki yako ya kuitumia ni mali, na ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili.

Sasa turudi kwenye rangi. Sheria ya zamani iliweka hifadhi ya barabara kuu mita 22.5 kutoka katikati ya barabara kila upande. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaipanua hadi mita 30. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 huhesabiwa kuwa kaifuata barabara, kwa hiyo hatwaliwi chochote, anaondolewa tu. Aliye kati ya 22.5 na 30, barabara imemfuata yeye, na huyo analipwa. Ufukweni nako kuna mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, ambamo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu. Kuzuiwa kujenga nyumba ya wageni hapo hakuitwi kutwaliwa, hata kama kiwanja kimelala bure miaka kumi.

Mtaani utasikia "jiji limetwaa". Kisheria, Jiji la Mwanza halitwai ardhi, wala Manispaa ya Ilemela iliyomegwa kutoka kwake mwaka 2012. Kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, mwenye mamlaka hayo ni Rais. Halmashauri hupanga, hupima, huleta mthamini, na kama mradi ni wake, viwanja vya kuuza kwa mfano, fedha za fidia hutoka kwenye mfuko wake. Kwa mwananchi wa Buhongwa au Kishiri, sura ya serikali siku hiyo ni mwenyekiti wa mtaa anayetangulia mbele ya mthamini akisema, "Mama, wageni wetu hawa, wamekuja kuhesabu."

Vijijini mambo ni tofauti kidogo. Kuitoa ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 mikononi mwa kijiji na kuifanya ardhi ya jumla kunahitaji ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Ikizidi hapo anaamua waziri, baada ya kusikia maoni ya kijiji.

Palipo na utata mkubwa ni kwenye "manufaa ya umma". Ukisikia maneno hayo unawaza hospitali, bandari, uwanja wa ndege. Sheria ya 1967 imekwenda mbali zaidi, inataja pia maeneo ya viwanda, kilimo, biashara na makazi. Kwa mapana hayo, shamba lako linaweza kwenda kwa mwekezaji, na mahakamani ukabaki unabishania kiasi cha fedha tu. Mjadala huu si wa kwetu peke yetu. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliuruhusu mji wa New London kuchukua nyumba ya Susette Kelo na majirani zake kwa ajili ya mradi wa kuinua uchumi wa mji. Majimbo zaidi ya 40 yalibadilisha sheria zao baada ya hapo. Mradi wenyewe ulikwama, na eneo likabaki pori kwa miaka mingi.

Kwetu mageuzi yalipitia mlango wa fidia. Zamani ardhi tupu ilihesabiwa haina thamani, ulilipwa tofali na mwembe tu. Tume ya Shivji iliyochunguza masuala ya ardhi (1991–1992), Sera ya Ardhi ya 1995 na hatimaye Sheria za Ardhi za 1999 zikasema ardhi yenyewe ina bei, na fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe mapema. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote. Ila tafsiri ya manufaa ya umma ilibaki pana vilevile, na hapo bado tunadaiwa mageuzi.

Tuchukue nyumba na kiwanja vyenye bei ya soko ya shilingi milioni 20. Juu yake inaongezwa posho ya usumbufu, yaani thamani hiyo mara wastani wa riba ya amana za muda maalumu benki kwa miezi 12. Riba ikiwa asilimia 8, ni 1,600,000. Kisha posho ya makazi, kodi ya miezi 36. Kama nyumba ingepangishwa kwa 100,000 kwa mwezi, ni 3,600,000. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa kilomita 20. Mwenye duka huongezewa faida halisi ya miezi 36. Asiyeishi kwenye kiwanja, kikiwa kitupu, hapati makazi wala usafiri.

Halafu kuna saa inayotembea. Kwa sheria ya uthamini ya mwaka 2016, Mthamini Mkuu wa Serikali akishaidhinisha, fidia ilipwe ndani ya miezi 6, ikichelewa inazaa riba. Miaka 2 ikipita bila malipo, uthamini huo umekufa na unatakiwa kufanywa upya. Tarehe ya kuulizia, basi, ni ile ya idhini, siyo siku mthamini alipokanyaga uani.

Siku ya uthamini utapigwa picha mbele ya nyumba ukiwa umeshika kibao chenye namba yako. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho na akaunti ya benki, herufi kwa herufi, maana Masanja na Massanja wamewahi kuwa watu wawili mbele ya karani. Na kabla ya kuweka dole gumba, zunguka na mthamini hadi nyuma ya choo. Migomba na mipapai ya huko ndiyo inayosahauliwa.