Balbu haina kosa: kutafuta volti zinazopotea kwenye taa za gari la spoti la zamani

Mwenye gari alinikabidhi ufunguo pamoja na mfuko wa balbu. Zilikuwa sita, na nilipozipima zote zilikuwa nzima. Gari lenyewe lilikuwa MGB, aina iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980. "Fundi, nimebadili balbu mara tatu, na bado taa ya kulia inawaka kama mshumaa," akaniambia. Kisha akadokeza jambo ambalo yeye aliliona dogo: akiwasha indiketa ya kulia, taa kubwa ya upande huo nayo hupepesa.

Kwangu mimi hilo dogo ndilo lililobeba kila kitu. Taa inapofuata mdundo wa indiketa, ujue hizo mbili zinagombania njia moja ya kurudi kwenye betri, na njia hiyo imebana. Mafundi tunaiita ethi: waya mweusi unaofungwa kwenye bodi ili umeme urudi ulikotoka. Ethi ikiwa mbovu, umeme hutafuta upenyo mwingine, na mara nyingi hupita kinyumenyume kwenye filamenti, yaani uzi unaowaka ndani ya balbu, ya taa jirani. Ndiyo maana utaona vioja kama taa ndogo kuwaka hafifu ukikanyaga breki, au fuli (mwanga wa mbali) na dimu (mwanga wa chini) kuwaka pamoja, zote zikiwa na mwanga wa manjano uliofifia.

Nikatoa grili. Nyuma yake, nyaya nyeusi nne zilikuwa zimebanwa chini ya skrubu moja. Gari lilikuwa limepigwa rangi upya, rangi safi na nzuri kweli, na skrubu ile ilirudishwa juu ya rangi. Iling'ata chuma kwenye ncha za hesi zake tu. Nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, eneo la ukubwa wa kitufe cha shati, nikasafisha vichwa vya nyaya kwa msasa laini, nikakaza, kisha nikapaka vaselini juu yake ili unyevu usiingie. Taa ikasimama imara, indiketa ikipiga au isipige.

Mwanga ulikuwa bado hautoshi, ingawa sasa taa zote mbili zilikuwa sawa. Hapo ndipo watu wengi hununua balbu zenye nguvu zaidi, na ndipo ninapowaomba wasubiri kwanza wachukue mita ya kupimia umeme.

Usipime kwa omu, yaani ukinzani wa waya. Ninalisema hili kila mara kwa sababu linapoteza siku nzima za watu. Waya wenye nyuzi thelathini ukibaki na uzi mmoja mzima, mita ya omu itakuambia upo salama. Upe ampia tisa ubebe na utaona. Pima volti, taa zikiwa zimewashwa. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye pini ya balbu inayopokea umeme, balbu ikiwa imechomekwa na inawaka. Namba unayoisoma ndiyo volti zinazopotea njiani. Kisha rudia upande wa pili: kutoka pini ya ethi ya balbu hadi hasi ya betri. Mimi naridhika na volti 0.5 kwa jumla ya pande zote mbili. Kwenye MGB ile, upande wa ethi baada ya kusafisha ulikuwa 0.1. Upande wa chanya ulikuwa 2.1.

Volti mbili zinasikika kidogo, lakini mwanga wa filamenti haushuki sambamba na volti, unaporomoka. Balbu iliyostahili volti 12.8 ukiipa 10.5, inatoa karibu nusu tu ya mwanga wake. Na volti zilizopotea hazikutoweka, zimegeuka joto mahali fulani. Balbu mbili za wati 55 hula ampia 9 na kidogo. Zikipita kwenye kiungio chenye ukinzani wa omu 0.2, kiasi ambacho mita ya kawaida haitofautishi na nyaya zake yenyewe, unapoteza volti 1.8 na kiungio kinachemka kwa wati 17 hivi. Plastiki iliyogeuka rangi ya chai karibu na swichi inatokana na hilo.

Kwa hiyo fuata njia kwa vidole. Ncha moja ya mita ibaki kwenye betri, nyingine isogeze hatua kwa hatua: kabla ya swichi ya taa, baada yake, kabla ya swichi ya fuli na dimu, baada yake, kisha kwenye viungio vya mbele. Namba inaporuka, umempata mwizi. Kwenye magari mengi ya umri huu swichi ya kubadili fuli na dimu iko sakafuni chini ya mguu wa kushoto, ambako maji na mchanga wa viatu huishia. Kwenye magari ya Uingereza kagua pia vile viungio vyenye umbo la risasi, vinavyosukumwa ndani ya kibomba cha mpira. Ukivitoa utakuta kutu ya kijani. Vile vya kiume vinasafishika. Vibomba vyenye chuma kilicholegea vitupe, uweke vipya.

Ukishapima, kabla ya kufungua chochote, toa waya wa betri. Magari haya mengi hayana fyuzi kwenye taa kubwa, na waya mnene utokao betrini hauna fyuzi kabisa. Bisibisi ikiteleza hapo, kinachoungua ni nyaya zote za gari. Angalia pia ni upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi. MGB za miaka ya mwanzo zilifunga chanya kwenye bodi, na mtu asiyejua hilo huua redio au altaneta, mashine inayochaji betri, kwa dakika moja.

Rangi za nyaya zitakusaidia ukijua gari limetoka wapi. Kwenye magari ya Uingereza, kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betrini, nyeupe ni umeme wa swichi ya ufunguo, buluu yenye mstari mweupe ni fuli, buluu yenye mstari mwekundu ni dimu, nyeusi ni ethi. Sasa chukua ujuzi huo uende nao kwenye Porsche ya zamani: Wajerumani kahawia kwao ndiyo ethi, na nyekundu ndiyo betri. Nimeona waya wa kahawia ukiungwa kwa uhakika mkubwa mahali usipostahili, na moshi ukafuata. Kama rangi imefifia, rudisha nyuma kifuniko cha mpira cha kiungio au fungua tepe kidogo; pale ambapo jua halikufika rangi huwa bado ipo.

Datsun 240Z ina mtego wake. Fuli na dimu hubadilishwa upande wa ethi, kwa hiyo unaweza kukuta volti 12 kwenye pini zote za balbu isiyowaka, ukaapa kwamba balbu imekufa. Lotus Elan nayo ina bodi ya fiba, na fiba haipitishi umeme. Kila taa inategemea waya wake wa kurudi hadi kwenye chasisi ya chuma, na skrubu uliyofunga kwenye bodi hata kwa nguvu zote haifanyi kazi yoyote.

Kama gari lina dinamo, mashine ya zamani ya kuchaji betri, badala ya altaneta, taa kufifia injini ikiwa inazunguka polepole si ubovu. Usiufukuzie.

Ukishasafisha njia, weka relei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa), moja ya fuli na moja ya dimu. Ninaamini ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwenye taa za gari la aina hii. Fuata namba za pini za relei: pini 30 inapata umeme kutoka betrini kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ukipitia fyuzi ya ampia 15 iliyo karibu na betri. 87 inakwenda kwenye taa. 86 inashikwa na waya wa zamani uliokuwa ukienda kwenye taa. 85 ni ethi. Swichi ya zamani, ambayo vipuri vyake ni shida kuvipata, sasa inabeba sehemu ndogo tu ya ampia moja. Balbu za wati 100 bila relei ni kuichoma swichi hiyo kwa makusudi.

Na fyuzi ikikatika kila unapoibadili, usizimalize. Weka balbu ya indiketa ya wati 21 mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti. Tikisa nyaya taratibu, hasa zinapopita kwenye tundu la bati, ukiitazama balbu. Itakapofifia ghafla, mkono wako uko juu ya ubovu.

MGB ile iliondoka ikiwa na relei zake, upotevu ukiwa volti 0.3 jumla. Tulizilenga taa zake upya kwenye ukuta kwa sababu taa zilizokuwa zimeinuliwa kufidia giza sasa zingewapofusha wanaokuja mbele. Balbu zake sita nilimrudishia, nikamwambia mbili azikalishe kwenye buti.